Ritifaa Iliyonikesha Maabara

Kuna mwenzetu darasani anaitwa Ng’ang’a. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa wawakilishi wa darasa, programu niliyoandika ya kuchapa kadi za wapiga kura ilipitisha majina yote, ilipofika kwake ikagoma. Na bila kadi mtu hapigi kura.

Programu yenyewe ina lugha mbili. Python inasoma orodha na kuyapeleka majina kwa C, C inayapunguza yatoshe kwenye kadi, kisha inayarudisha. Nilikuwa nimeshaipima, tena kwa mbwembwe: Juma, Amina, Otieno. Safi kabisa. Kumbe nilipima majina mepesi tu.

Lugha hizi hazihesabu maandishi kwa namna moja. Python inahesabu herufi na kukumbuka urefu wake. C inapewa anwani ya baiti ya kwanza, basi. Inasonga mbele mpaka ikute baiti ya sifuri. Jaribu mwenyewe: kupitia ctypes, ipe strlen ya C neno “Juma” bila kuligeuza kuwa baiti. Utajibiwa 1! Python imetuma kila herufi kwa baiti zaidi ya moja, J ikafuatwa na sifuri, C ikadhani ndo mwisho wa neno.

Hilo nilikuwa nalijua, kwa hiyo kila jina niligeuza kwanza kuwa UTF-8. Kilichoniponza ni ritifaa. Ile iliyonyooka ni baiti 1. Ile iliyopinda, ambayo Word hupenda kuiweka yenyewe bila kukuuliza, ni baiti 3. Ndiyo maana Ng’ang’a ni herufi 8 kwa Python lakini baiti 12 kwa C. Nami nilikuwa nimeiambia C ikate kila kinachozidi baiti 10, nikidhani baiti ni herufi. Ikakata ritifaa ya pili katikati, ikabakiza baiti mbili kati ya tatu. Python ilipopokea mabaki hayo ikasema hayasomeki. Afadhali ilisema, maana ingeweza kuchapwa takataka.

Sasa nakata herufi upande wa Python, na kila jina la majaribio linakwenda C na kurudi nikililinganisha na la mwanzo: jina tupu, lenye ritifaa za aina zote mbili, na lenye sifuri katikati, kama “Juma\0Ali”, ambalo Python inalihesabu 8 na C 4.

Kadi ya Ng’ang’a ilitoka saa saba usiku. Aliponiuliza mbona yake imechelewa, nilimwambia karatasi zilikwama.