Kutoweka kwa Rangi si Kusafika kwa Maji

Mwaka 2013 askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini walipelekwa pamoja mashariki ya Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Maelfu ya raia waliokimbia vita vya Kongo wamepata hifadhi katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, pakageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Sasa inao zaidi ya 50,000, na Kiswahili husikika humo kutwa.

Penye msongamano kama huo, maji ni suala la usalama. Kipindupindu kilichozuka Malawi mwaka 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700, na Lilongwe ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia sana. Vijidudu vyake havionekani kwa macho. Maji yanayong'aa kama kioo huweza kuvibeba. Hata hivyo, binadamu huyahukumu maji kwa rangi yake.

Rangi za kutia nguo ni adui wa namna nyingine. Kiasi kidogo tu huchafua mto, huzuia mwanga usiifikie mimea ya majini, na huwa kigumu kuozeshwa na bakteria. Ndiyo maana wanasayansi wamegeukia titani dioksidi, ule unga mweupe utiwao katika rangi za kupakia kuta. Mwaka 1972 Wajapani Fujishima na Honda walionyesha kwamba madini hayo yakipigwa na mwanga huweza kuyatenganisha maji.

Siri yake ni hii. Miali ya urujuanimno hung'oa elektroni katika chembe ya unga na kuacha pengo. Pengo hilo, likikutana na maji, huzaa kemikali kali inayokatakata molekuli za rangi. Lakini elektroni hupenda kurudi pengoni upesi, na kazi ikaharibika. Kwa hiyo unga huchanganywa na maji yenye nitrati ya fedha na alkoholi kidogo, kisha humulikwa. Vidoa vya madini ya fedha hujishikiza juu ya chembe. Unga huoshwa na kukaushwa. Vidoa hivyo huzinasa elektroni, mithili ya askari wa doria wanaomzuia mtoro asirudi alikotoka.

Hapa ndipo polisi mpelelezi atakapoelewa vizuri kuliko wengi. Rangi ikitoweka, haijathibitika kwamba imevunjwa. Pengine imeng'ang'ania tu kwenye unga. Mtafiti makini kwanza huuacha mchanganyiko gizani, apime kiasi kilichonaswa, ndipo awashe taa. Hata rangi ikivunjika kweli, vipande vyake vyaweza kuwa na sumu kuliko rangi yenyewe, mpaka vitakapomalizwa kabisa.

Vikwazo vingine havikosekani. Urujuanimno ni kama asilimia 5 tu ya nguvu ya jua, madini ya fedha ni ghali, na unga usipochujwa wote hubaki majini. Sehemu kubwa ya kazi hii bado imo maabara. Kwa mlinzi aliye zamu Dzaleka au Lilongwe, maji ya kunywa bado hutiwa klorini au huchemshwa, hata yawe maangavu kiasi gani.