Mtoto akisema kazi inamchosha, usikimbilie kumwambia 'vumilia'

Sumbawanga. Kijana wa Ufipa akipata kazi katika kampuni changa ya teknolojia Dar es Salaam, au akipewa fulana na tableti auze sola kwa mkopo hapa hapa Rukwa, ni furaha ya ukoo mzima. Ada iliyotoka kwenye magunia ya mahindi imezaa matunda. Ndiyo maana miezi michache baadaye, akipiga simu usiku kusema amechoka, mzazi hujibu haraka: vumilia mwanangu, hakuna kazi rahisi.

Jibu hilo linatokana na uzoefu wa jembe. Lakini jembe lina msimu. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili, na mahindi yakishaingia ghalani mwili hupumzika. Kazi ya tageti haina kiangazi. Bosi hutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, aliyekosa tageti huaibishwa mbele ya wenzake, na anayeomba ruhusa ya msiba huambiwa "sisi hapa ni familia".

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza dalili tatu za uchovu uliopindukia wa kazini: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kushuka kwa ufanisi. Kwa makadirio ya WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO), mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Jirani zetu Kenya wameona madhara hayo. Vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama jijini Nairobi kuchuja picha na video za Facebook walikwenda mahakamani. Desemba 2024 iliripotiwa kuwa zaidi ya 140 kati yao walikutwa na msongo mkali unaotokana na mambo ya kutisha waliyoyaona kazini.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kushauri, uliza. Analala saa ngapi? Anakula? Ana mkataba wa maandishi? Mshahara unaingia kwa wakati?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa wasio mameneja. Muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28. Akifukuzwa isivyo halali, ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Atunze mkataba, hati za mshahara na ujumbe wa simu, kwani huo ni ushahidi.

Akianza kujitenga, kunywa pombe kupita kiasi au kusema heri afe, suala la kazi lisubiri. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Vijana wengi hung'ang'ania kazi inayowaumiza kwa sababu nyumbani wanasubiriwa hela ya mbolea na ada ya wadogo zao. Mwambie mwanao waziwazi kwamba akikosa mwezi huu, mtapanga upya, na kwamba akirudi nyumbani hatachekwa. Akilijua hilo, ataweza kumkatalia bosi au kutafuta kazi nyingine kabla hajaugua.