"Kipaza Sauti" Kimoja, Vyombo Vitatu

Miongoni mwa maneno ya ufundi ambayo Kiswahili kiliyaunda kwa ustadi ni kipaza sauti. Asili yake ni kitenzi paa, yaani kwenda juu. Kutokana nacho twapata paza, na kupaza sauti ni kuiinua ili isikike mbali. Muundo wake ni ule ule uliotupatia kinasa sauti na kipimajoto. Walakini neno hili limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mhubiri anayesema huku ameshika chombo mkononi ameshika kipaza sauti. Pembe iliyofungwa juu ya mti ni kipaza sauti. Na lile sanduku lililo kati ya viwili hivyo, lenye kuutia nguvu umeme unaotoka katika cha kwanza ili uweze kukisukuma cha pili, nalo aghalabu huitwa kipaza sauti. Mkutanoni utatanishi huu haudhuru, maana vyombo vyote vitatu viko mbele ya macho. Ndani ya gari mambo ni mengine, na madhumuni ya makala haya ni kuonyesha hasara inayozaliwa na neno moja kubeba maana tatu.

Mfano wetu ni gari kuukuu la kifahari. Mengi ya magari hayo yaliyomo nchini yaliletwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani: Toyota Crown, kwa mfano, au Celsior, iliyotoka mwaka 1989 na kuuzwa katika nchi nyingine kwa jina la Lexus. Redio zake za kiwandani zilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya Japani, kati ya megahezi 76 na 90, hali stesheni zetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari akipanda nalo hadi Mamboya, katika milima ya Wakaguru wilayani Kilosa, sehemu kubwa ya masafa yetu haimfikii hata pale mawimbi yanapofika. Basi huing'oa redio na kutia nyingine. Redio mpya yawaka, namba zaonekana, lakini sauti hakuna.

Hapo ndipo neno linapogharimu fedha. Mwenye gari humwambia fundi kwamba kipaza sauti kimekufa. Fundi huelewa spika. Huzifungua zile za milangoni, na nyingine huagizwa Morogoro mjini. Zikishafungwa, kimya ni kile kile. Spika hazikuwa na kosa lolote. Katika magari mengi ya aina hii spika haziendeshwi na redio yenyewe, bali na amplifaya ya kiwandani iliyofichwa ndani ya buti au chini ya kiti, na amplifaya hiyo hailali wala haiamki kwa hiari yake.

Ina nyaya tatu za kuipa uhai. Wa kwanza mafundi huuita moto: hutoka kwenye betri kupitia fyuzi na una umeme wakati wote. Fyuzi yake ipimwe kwa mita pande zote mbili, wala isitazamwe tu kwa macho. Wa pili ni ethi. Mtu akilitafsiri neno hili kwa "ardhi" atakuwa amepotosha, maana gari limesimama juu ya mipira na waya huo hauendi udongoni. Hufungwa kwenye bodi ya chuma, nayo bodi huurudisha umeme kwenye upande hasi wa betri. Kwa hiyo kutu chini ya skrubu moja yatosha kuinyamazisha amplifaya nzima. Wa tatu hutoka kwenye redio. Redio ikiwashwa, waya huo huwa na volti 12 hivi. Ikizimwa, hurudi sufuri. Redio inapobadilishwa ndio huo unaoachwa ukining'inia, kwa kuwa aliyeifunga hakujua kazi yake. Fundi mmoja wa Mamboya huuita waya wa kuamshia. Sisi tulio maofisini tungeketi siku mbili tusipate jina bora kuliko hilo.

Neno jingine linalohitaji kuchungwa ni shoti. Siku hizi kila ubovu wa umeme ni shoti. Lakini shoti ni umeme kupata njia ya mkato, na alama yake ni fyuzi kuungua kila inapowekwa mpya. Waya uliokatika ni kinyume chake: umeme hauna njia kabisa, na fyuzi hubaki nzima. Anayeyaita yote mawili shoti hutafuta mahali waya zilipogusana, kumbe angetafuta zilipoachana.

Nyaya zote tatu zikiwa sawa, spika zichomolewe kutoka kwenye amplifaya na kila moja iguswe kwa kitambo kidogo na betri kavu ya volti 1.5. Spika nzima hutoa mlio mfupi. Sauti mbovu ikitoka katika spika moja tu, ubovu u katika spika hiyo, waya wake, au mkondo wake ndani ya amplifaya. Ikitoka katika zote, ishukiwe amplifaya au redio. Mluzi unaopanda pamoja na mwendo wa injini hutokana mara nyingi na ethi mbaya. Mkwaruzo na sauti hafifu katika chombo cha miaka 30 huenda ni kapasita zilizovuja au kukauka.

Je, amplifaya iitwe kikuza sauti? Jina hili lina uzuri wake, kwani kuza hutokana na kua kama paza ilivyotokana na paa. Hata hivyo ndani ya sanduku hilo hakuna sauti. Kinachokuzwa ni umeme, na sauti huzaliwa kwenye spika. Kwa vitabu vya shule kikuza sauti kitafaa, kikiandamana na maelezo hayo. Katika karakana tungependa yabaki maikrofoni, amplifaya na spika, na kipaza sauti kiachiwe mkutano. Waya wa kuamshia twaupendekeza kama ulivyo. Mafundi wa Kilosa, Mikumi na kwingineko wenye jina jingine la waya huo wanaombwa walilete kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati.