Mpe mtoto simu, akupige picha

Bibi yangu alipofariki, wajomba walinipa kazi ya kutafuta picha yake ya kuweka kwenye fremu. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Simu zetu wajukuu zilijaa picha za mahafali, Krismasi, hata sahani za pilau. Bibi hakuwamo. Kila tulipojipanga, yeye alikuwa jikoni, au amembeba mtoto anayelia ili sisi tutokee vizuri. Mwishowe tulikuza picha ya kitambulisho chake.

Mzazi mwenzangu unayesoma hapa, hasa mama, fungua simu yako. Wewe umo kwenye picha ngapi?

Tangu msiba ule, familia yetu ina utaratibu mmoja. Jumapili moja au mbili kwa mwezi tunakwenda Coco Beach, Dar es Salaam, na watoto ndio wapiga picha. Simu ni moja tu. Kila mtoto ana picha kumi, zikiisha anampa mwenzake. Enzi za kamera za mkanda, mkanda mzima ulitoa picha 24 au 36, hivyo mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Watoto nao wanajifunza hivyohivyo: wanatazama kwanza.

Faida kwa afya

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kwa wenye miaka mitano hadi 17, linashauri wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mtoto anayekimbia kutafuta pa kusimama ili mashua iingie kwenye picha anashika simu, lakini hajakaa nayo. Tafiti pia zinaonyesha kuwa watoto wanaokaa zaidi nje kwenye mwanga wa mchana hawapati kwa urahisi tatizo la kushindwa kuona mbali.

Mambo machache ya kuwafundisha

Futeni lenzi kwanza kwa kitambaa laini, maana alama za vidole hufanya picha ionekane na ukungu.

Nendeni asubuhi au jioni. Jua la saa saba mchana huweka vivuli vyeusi machoni. Pale Coco, jua la jioni hutokea upande wa mjini, hivyo anayepigwa akiipa bahari mgongo, uso wake hupata mwanga mzuri.

Msivute picha kwa vidole, sogeeni karibu. Mtu mzima anayempiga mtoto apige magoti.

Kabla ya kumpiga mtu msiyemjua, mtoto aombe ruhusa. Akikataliwa, aseme asante na kuondoka.

Zisiishie kwenye simu

Simu huibwa, huanguka majini, hufa. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zake zinatazamwa hadi leo kwa sababu zilisafishwa kwenye karatasi. Kila mwezi chagueni tano, mzipeleke studio ya mtaani, na nyuma ya kila moja mwandike jina, mahali na tarehe.

Za kuweka mtandaoni zichujeni. Picha ya mtoto akiwa anaoga, au yenye nembo ya shule yake, ibaki nyumbani.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka sita alimpiga mama yangu akila mihogo. Kichwa kimekatwa kidogo juu, na kona moja ina kidole gumba cha mpiga picha. Mama alitaka ifutwe, eti hakuwa amejiandaa. Niliisafisha kabla hajamaliza kulalamika. Sasa iko ukutani, karibu na ile ya kitambulisho cha bibi.