Ukuta wa Moto na Fundi Aliye Nje

Ukuta wa moto ni programu, na pengine kifaa kizima, inayokagua kila pakiti ya data inayoingia au kutoka katika kompyuta na kuamua, kwa kufuata kanuni zilizowekwa na msimamizi, ipi ipite na ipi izuiwe. Katika mfumo wa Linux ukaguzi huo hufanyika ndani ya kiini cha mfumo chenyewe, katika sehemu iitwayo Netfilter iliyokuja na toleo la 2.4 mwaka 2001, ambayo kwa miaka mingi iliendeshwa kwa amri za iptables, ndefu na zenye alama nyingi kiasi cha kumchosha hata mzoefu. Mwaka 2008 Ubuntu ilileta, katika toleo lake la 8.04, programu ya ufw, ambayo huandika kanuni hizo kwa niaba ya msimamizi baada ya kupewa amri fupi zinazosomeka.

Amri zenyewe huandikwa katika terminali, yaani dirisha la maandishi matupu, na hilo si suala la ukale, kwa kuwa seva nyingi hazina skrini wala kibodi na msimamizi wake huzifikia kwa mbali kupitia SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Ufini mwaka 1995 ili mawasiliano baina ya kompyuta mbili yasisomwe njiani. Hapo ndipo ugumu wote ulipo: fundi anajenga ukuta huku yeye mwenyewe akiwa upande wa nje, na asipoacha mlango hatarudi ndani.

Neno mlango hapa lina maana mahususi, kwani kila huduma ya seva husikiliza kwenye mlango wenye namba kati ya 0 na 65535: SSH kwa kawaida hutumia 22, na tovuti hutumia 80 na 443. Amri ya kwanza, «sudo ufw default deny incoming», hufunga milango yote kwa wanaotoka nje, ambapo neno «sudo» humpa mwandishi wa amri mamlaka ya msimamizi mkuu. Ya pili, «sudo ufw default allow outgoing», huiacha seva iwasiliane na nje itakavyo. Hadi hapo hakuna kilichobadilika, kwa sababu ukuta bado haujawashwa, na huu ndio wakati wa kuandika «sudo ufw allow 22/tcp», kabla ya «sudo ufw enable» na si baada yake.

Amri hiyo ya mwisho, ikitolewa kupitia SSH, huuliza kwanza kama msimamizi anataka kuendelea, kwa kuwa miunganisho iliyopo huenda ikakatika. Mara nyingi haikatiki, na hilo ndilo humpumbaza mgeni wa kazi hii: Netfilter hukumbuka mazungumzo yaliyokwisha kuanza na huyaruhusu yaendelee, hivyo hata aliyesahau mlango wa 22 huendelea kuandika amri bila wasiwasi, mpaka afunge dirisha na kushindwa kuingia tena. Tena hatapata jibu lolote la kukataliwa, maana kanuni ya «deny» huitupa pakiti kimyakimya, tofauti na «reject» inayomjibu mgongaji papo hapo kwamba hatakiwi.

Kwa hiyo dirisha la kwanza huachwa wazi na kuingia hujaribiwa upya katika dirisha la pili. Mwenye hadhari zaidi hutumia pia programu ya at, ambayo hutekeleza amri kwa saa iliyopangwa: kabla ya kuwasha ukuta huiagiza itekeleze «ufw disable» baada ya dakika kumi, ili akijifungia nje ukuta ujizime wenyewe, na dirisha la pili likifunguka salama huifuta kazi hiyo kwa «atrm» na namba yake.