Tausi wa Kongo

Mtu akitoka Butembo kwenda Beni husafiri kilomita zipatazo 54. Huiacha milima yenye baridi, akateremka penye joto. Akiipita Beni na kuendelea kaskazini, huukuta msitu mkubwa wa Ituri. Humo miti ni mirefu, na chini yake ni kivuli mchana kutwa. Katika misitu ya Kongo ya namna hii anaishi ndege asiyepatikana porini katika nchi nyingine yoyote. Ndiye tausi wa Kongo.

Dume ana manyoya ya buluu nzito yanayong'aa, shingo nyekundu, na kishungi cheupe kichwani. Jike ni wa rangi ya kahawia, na mgongo wake ni wa kijani. Mchana hutembea chini wakitafuta matunda na wadudu. Usiku hulala juu ya miti. Ni ndege mwoga. Akisikia nyayo za mtu hujificha upesi.

Wawindaji wa msituni walimjua ndege huyu tangu zamani, lakini wataalamu wa Ulaya na Amerika hawakumjua. Mwaka 1909 kijana Mmarekani, jina lake James Chapin, alifika Kongo pamoja na Herbert Lang kukusanya wanyama na ndege. Mwaka 1913, huko Avakubi, penye mto Ituri, Chapin aliona unyoya mmoja katika kofia ya mtu. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, wenye mistari myeusi. Chapin alijua ndege wengi, lakini unyoya ule ulimshinda. Akauweka kwa muda wa miaka 23.

Mwaka 1936 alikuwa Ubelgiji, katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Huko aliona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando juu ya kabati. Kibandiko kilisema ni tausi wachanga wa Bara Hindi. Chapin alipotazama bawa la jike akaukumbuka unyoya wake. Kumbe, ndiye! Watu walikuwa wamekisadiki kibandiko, wala hawakumtazama ndege vizuri. Mwaka 1937 Chapin alirudi Kongo, na kwa msaada wa wawindaji akawapata tausi wenyewe.

Siku zile ndege walipatikana kwa bunduki na mitego. Siku hizi wataalamu hutafuta picha, na ndege hubaki mzima. Lakini apigweje picha ndege anayejificha? Katika Ulaya, wapenda ndege wengi hutoka na kamera wakati wa baridi, kwa kuwa majani ya miti mingi yameanguka, na ndege huonekana wazi matawini. Msitu wetu hauishiwi majani hivyo. Basi hutumiwa kamera ya kutega.

Kamera hii ni kama sanduku dogo. Hufungwa kwenye mti, karibu na ardhi, kando ya njia ya wanyama. Majani yaliyo mbele yake hukatwa, yasije yakaiziba. Mnyama au ndege akipita, kamera hutambua joto la mwili linalotembea, ikapiga picha yenyewe na kuandika tarehe na saa. Mtu huiacha wiki nyingi, kisha hurudi kutazama. Picha nyingi huwa za panya au za njia tupu. Anayetafuta ndege adimu hana budi kuwa na subira.

Kwa njia hii tausi wa Kongo amepigwa picha katika hifadhi ya Salonga. Na mwaka 2008, upande wa Beni, karibu na mto Semliki, kamera za namna hii zilipiga picha za okapi katika Hifadhi ya Virunga. Hivyo ikajulikana hakika kwamba okapi bado wamo humo.

Picha hizi zina faida kubwa. Mnyama asiyejulikana mahali anapoishi ni vigumu kumlinda. Tausi hunaswa na mitego ya waya iliyotegwa kwa ajili ya wanyama wengine, na miti anayolalia hukatwa. Tena, tangu mwaka 2014 watu wengi wa nchi ya Beni wameuawa na watu wenye silaha, na njia nyingi za msituni si salama. Kwa hiyo watoto wasiende msituni kumtafuta tausi. Waanze na ndege wa shambani: wakae kimya, watazame mdomo, bawa na mkia, kisha waandike waliyoyaona. Chapin alianza na unyoya mmoja tu.

Maswali
1. Kwa nini watu wa Tervuren hawakumtambua tausi wa Kongo?
2. Kamera ya kutega hujuaje kwamba mnyama anapita?
3. Picha ya mnyama husaidiaje kumlinda?