Mama Abebaye Wanawe Kinywani

Kutazama wanyama si kwenda Serengeti kumtafuta simba tu. Ukishuka kutoka milima ya Mbinga hadi Mbamba Bay, simama penye miamba uyatazame maji maangavu ya Ziwa Nyasa. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Majike wa aina nyingi huatamia mayai kinywani wiki tatu hivi, karibu bila kula. Hata baada ya kuanguliwa, vifaranga hukimbilia humo hatari itokeapo. Basi avutaye kokoro au chandarua ufukweni hunasa mama pamoja na kizazi chake. Waonyeshe wanao samaki huyo, wapate kujua kinachopotea.